Ile Safari ya Mbolea

Isansa, Jumapili mchana

Oliva mwanangu,

Barua za watu huanza na salamu, lakini mimi na wewe tumeamkiana leo asubuhi na ukaniitikia ukiwa umenipa mgongo, kwa hiyo salamu nazikata. Usicheke mwandiko. Nilifika darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilikaa miezi mitatu tu, lakini nionyeshe mzee mwingine wa rika langu hapa Isansa anayeweza kujaza kurasa hizi bila kumwita mjukuu amshikie kalamu. Hayupo. Barua ya kumposa mama yako niliiandika kwa mkono wangu, na babu yako mzaa mama, mtu mgumu yule, aliisoma mara mbili akasema huyu aje. Hii ni ya pili maishani mwangu. Nimekaa nyuma ya nyumba juu ya kichanja cha kuanikia kahawa, kahawa imeisha, mbao zimekauka, jua lipo la kutosha, na nimemwambia mama yako mtu asinisogelee.

Naandika kwa sababu jana ulitoa nguo zote kwenye begi ukazirudisha sandukuni, moja moja, ukasema, "Siendi." Gari linapita kesho saa moja asubuhi. Mimi na wewe tukikaa kuongea tutagombana, maana kichwa hicho ulichonacho umekitoa kwangu. Karatasi haijibu. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Sitakuambia habari za kujifunika baridi wala za kumheshimu shangazi yako wa Tunduma. Mama yako amekwishasema, na shangazi atayarudia ukifika. Tunduma unaijua kuliko mimi. Miaka minne ulishika karatasi za malori kwa yule wakala wa forodha, na mwenyewe ameniambia kwenye simu kwamba tangu uondoke meza yako hakuna aliyeikalia vizuri. Ndiyo, ni mimi niliyempigia. Wewe ulidhani ni shangazi. Ni mimi niliyesema binti yangu atarudi kazini, na kila Jumamosi ya pili utamruhusu aje nyumbani kumwona mtoto wake. Akasema sawa mzee. Mimi nikiongea na mtu kwenye simu huwa ananielewa.

Najua kilichokurudisha nyuma. Ni maneno ya mama Jese pale uani, "Mama gani anamwacha mtoto wa namna ile, tena kwa wazee?" Nilimsikia. Nilikuwa chooni, nikashindwa kutoka kwa hasira. Ningekuwa nimevaa vizuri angenitambua. Lakini nilipotulia nikaona hapana, yule kasema kwa mdomo tu kile ambacho wewe umejiambia miaka mitatu. Tangu yule dereva wako alipokurudisha hapa na mtoto wa mwaka mmoja, akasema kwao hakuna watoto wa kukakamaa, wewe hujavuka daraja la pale chini ila kwenda hospitali. Harusi ya rafiki yako hukwenda. Kwaya uliacha. Yona sasa ana miaka minne, shingo bado haijakaza, hakai, hashiki kitu, na wewe umemshika mchana na usiku kama mtu aliyeshika jiwe juu ya kichwa cha mtu mwingine, ukiliachia linaua.

Sasa nikuambie siku ya mvua.

Ilikuwa mvua ya kwanza, Oktoba, na kahawa yetu ya mwisho ilikuwa bado kwenye vichanja. Wingu lilitoka upande wa Ileje bila hata ngurumo. Mimi nilikuwa natoka mashine ya kusaga, nikaanza kukimbia, mzee mzima, napiga kelele, "Kahawa! Funikeni kahawa! Oliva, turubai!" Mama yako akatoka jikoni ameshika kiuno chake. Wewe ulikuwa umekaa chini, mgongo ukutani, na Yona yuko kwenye mkeka hatua mbili kutoka kwako. Analia. Matone yanampiga usoni, amenyooka kama ubao, ngumi zimefungwa, na wewe unamtazama. Hukuwa umelala. Macho yalikuwa wazi.

Unajua nilifanya nini? Nilifunika kahawa kwanza. Vichanja viwili. Nikafunga na kamba, fundo zuri, kama siku nyingine yoyote. Ndipo nikamwokota mtoto. Nikakuambia, "Wewe una akili kweli? Mtoto analowa, umekaa!"

Ukaniambia kwa sauti ndogo, "Baba, sijasikia."

Mama yako alidhani unadanganya. Mimi nilikuamini pale pale, na usiku wote huo sikupata usingizi, maana uso ule uliokuwa nao niliwahi kuuvaa. Nitakueleza. Lakini kabla ya hapo kuna jambo jingine ambalo lilitangulia, nalo ni kosa langu peke yangu.

Mwezi wa sita tulikwenda mimi na wewe kliniki ya mazoezi. Nilikwenda kwa sababu mama yako hawezi kumnyanyua Yona. Wanawake walikuwa kumi na kitu, mwanaume mmoja, na mwanaume huyo alikuwa na kofia mpya, kwa hiyo nilijisikia. Yule dada wa mazoezi akawa anazunguka, ananyoosha miguu ya watoto, na kila mama anamwuliza, "Na wewe mwenyewe unaendeleaje? Simuulizi mtoto, nakuuliza wewe." Mmoja alianza kulia kabla swali halijaisha. Mwingine akasema hakumbuki lini alikula chakula kikiwa cha moto. Akafika kwako. Ukafungua mdomo. Niliona umeufungua, Oliva. Na mimi nikaingia katikati kwa sauti ya mkutano wa kijiji, "Huyu? Huyu ni damu yangu, huyu hachoki!" Wanawake wakacheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka. Wewe ukafunga mdomo. Njia nzima ya kurudi hukusema kitu, nikadhani umeridhika na sifa.

Nimelirudia jambo hilo kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Mtu alikufungulia mlango, na mimi nikaufunga nikiwa nacheka.

Sasa habari ya mbolea.

Hadithi ya mbolea unaijua. Ninyi wote mnaijua, kila Krismasi naisimulia, na wakwe zako, watu wa yule dereva, nao niliwasimulia siku ya mahari. Kwamba kabla hujazaliwa, mbolea ilipokosekana Mbozi nzima, baba yako alivuka mpaka kwa miguu kwenda Nakonde, Zambia, akakaa siku tatu, akanunua mifuko miwili, akazungumza Kibemba mpaka askari wakamwita mwenyeji, na wakati wa kurudi kwenye njia za panya akakimbizwa, akapigana na wawili, mifuko ikatumbukia mtoni, akarudi mikono mitupu lakini mzima. Watu hucheka mpaka wanalia. Mzee Daudi wa mashine hunidai niirudie. Wewe mwenyewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unaigiza sehemu ya askari.

Hukuwahi kujiuliza kwa nini mbolea yenyewe haikufika nyumbani?

Hapakuwa na mbolea. Hapakuwa na askari. Kibemba changu ni cha kuombea maji.

Kaka yako Lameki unamjua kwa kaburi tu, pale kwenye migomba. Tulikuambia alikufa kwa kifua. Hatukukuambia alikuwa kama Yona. Sijui kama uliwahi kuhisi, mama yako alipomshika Yona mara ya kwanza akageuka akaenda kusimama nje. Lameki alikuwa vile vile. Shingo ile ile, ngumi zile zile, na kilio kile kinachokatika hewa katikati halafu wewe unangoja uone kama kitarudi. Siku zile hakuna aliyetuambia mtindio wa ubongo. Tuliambiwa kila kitu kingine. Wengine walisema mama yako alipita mahali pabaya, wengine wakasema mimi nimemuuza mtoto kwa ajili ya kahawa, kwa sababu mwaka ule kahawa yangu ilizaa kuliko ya wote. Hilo la kuzaa ni kweli.

Wazee wakatuelekeza kitu kimoja. Mtoto asiyesimama huchimbiwa shimo hadi kifuani, anasimamishwa humo, udongo unarudishwa kidogo umbane, ardhi inamfundisha miguu. Wengi walifanya hivyo hapa. Nikachimba mimi. Nilichimba vizuri, siwezi kudanganya, kingo zimenyooka kama zimepigwa uzi. Tukamweka Lameki, na akasimama! Kwa mara ya kwanza niliona uso wa mtoto wangu ukiwa wima kama nyuso za watoto wengine. Majirani walikuja kuangalia. Nikatembea mbele yao nimeweka mikono nyuma. Lakini kila tulipomtoa alikunjika kama nguo. Aliyekuwa amesimama ni shimo, mwanangu, si mtoto. Nilijua hilo wiki ya kwanza, na kwa ubishi wangu niliendelea kumweka humo karibu mwaka.

Siku moja mama yako alikwenda zahanati. Wewe ulikuwa tumboni, miezi minane. Akaniachia Lameki, akasema, "Nitarudi mapema, usimweke juani muda mrefu." Nikamweka shimoni. Akaanza kulia. Nikamwimbia. Nikamletea uji, akautema. Nikamwekea majani ya mgomba kichwani, akayatikisa yakaanguka. Analia. Nikaongea naye vizuri, nikaongea naye vibaya. Miaka mitano, Oliva, miaka mitano ya kilio kile, na shamba linaningoja, na watu wanapita njiani wanatazama halafu wanajifanya hawajatazama. Nilijiona mkono wangu umenyanyuka. Sikumpiga. Mungu ananiona, sikumpiga. Lakini mkono ulikuwa juu, na nilikuwa nautazama kama mkono wa mtu mwingine, na baada ya hapo sikumsikia tena. Alikuwa analia, mdomo uko wazi, nauona, ila sauti haifiki.

Nikaweka jembe chini. Nikajiambia naenda kijitoni kunawa uso. Nikafika kijitoni, nikakivuka. Nikaendelea mpaka lami. Lori likasimama, nikapanda. Tunduma nikashuka, nikavuka na watu wengine wanaovuka, na Nakonde kuna mama mmoja alikuwa anauza pombe nyuma ya soko, nikakaa kwake siku tatu juu ya magunia. Nilikunywa. Nililala. Na kibaya kuliko vyote ambacho sijamwambia mtu hata mchungaji ni kwamba nililala vizuri. Nililala kama ng'ombe aliyefunguliwa kamba.

Siku ya nne nikarudi. Pale kwenye njia panda nikakutana na mzee Daudi, enzi hizo bado kijana, akapaza sauti, "Umerudi! Mama Lameki katuambia ulifuata mbolea Nakonde. Umeipata?"

Nikasimama. Ndipo nikaelewa kwamba mama yako amenifunika mbele ya kijiji kizima. Ningeweza kusema kweli. Nikasema, "Acha tu, ndugu yangu, wamenikimbiza mpakani, mifuko imekwenda na maji." Akacheka akanipiga begani. Hapo ndipo hadithi ilipozaliwa. Askari niliwaongeza baadaye.

Nyumbani nilimkuta mama yako anampaka Lameki mafuta. Uso wa mtoto ulikuwa umebambuka kwa jua, midomo imepasuka. Siku ile niliyoondoka alirudi saa nane mchana akamkuta bado shimoni, sauti imemkauka, na hakuna mtu. Alimtoa peke yake. Wewe tumboni, yeye amepiga magoti kwenye ukingo, anavuta mtoto wa miaka mitano aliyekakamaa kutoka kwenye udongo. Kiuno cha mama yako, kile unachomkanda kila jioni, kile ambacho tunawaambia watu ni uzee, ni cha siku ile. Ndiyo maana hawezi kumnyanyua mwanao.

Hakunitukana. Alisema, "Chakula kipo kwenye chungu." Basi. Mpaka leo hajasema kingine. Shimo nililifukia siku ile niliyorudi, na juu yake nikajenga kichanja. Hiki hiki nilichokalia. Ndicho nilichokimbilia kufunika mvua ilipokuja.

Lameki aliishi miaka miwili zaidi. Alipokufa, kabla ya uchungu kuja, kulitangulia kitu kingine: kifua changu kilishuka, kama mtu anayetua mzigo. Kilidumu labda kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Nimeishi nacho miaka yote hii. Nimekipigia kelele, nimekisimulia hadithi, nimejenga nyumba ya bati ya kwanza mtaa huu, nimekuwa mzee wa kanisa, na bado kipo. Na kwa sababu nilikiogopa, niliwaamuru watu waache kumwita mama yako mama Lameki. Nikasema sasa ni mama Oliva, tusonge mbele. Nikamnyang'anya mwanamke jina la mtoto wake wa kwanza ili mimi nisilisikie.

Nakuambia haya, mama, kwa sababu najua kuna mambo yanapita kichwani mwako ukiwa umekaa na Yona ambayo unadhani ni wewe tu duniani yamekupitia. Labda uliwahi kutamani asiamke. Labda ulitamani wewe usiamke. Sikuulizi. Ila kama yamekupitia, yamempitia baba yako kabla yako, na nilimpenda yule mtoto, na wewe unampenda huyu. Vyote viwili vilikaa ndani yangu siku moja.

Na acha kutafuta ulipokosea. Najua unahesabu, kwamba ungewahi hospitali siku ya uchungu, kwamba ungekataa kungoja lori la yule dereva likupeleke. Mwezi uliopita kliniki, yule dada aliponipa kijiko mkononi, akanieleza kwamba mtoto wa hivi akilishwa amelala chali, chakula hupotea njia kikaenda kifuani, kidogo kidogo mpaka kifua kinaoza. Uliona nilinyamaza. Ulidhani nimechoka. Nilikuwa namkumbuka Lameki, mimi na mama yako tulivyomlisha miaka saba, chali, kichwa kwenye paja, kwa mapenzi yote. Hatukujua. Sikulala siku tatu, halafu nikaamua nijifunze kijiko.

Kwa hiyo unaposema Yona hawezi kubaki na mimi, sema lingine. Mara ya kwanza nilikosea, nakubali, nilimshika taya nikamnywesha kama ndama, akapaliwa akawa wa bluu, ukamnyakua ukasema, "Baba, unataka kuniulia mtoto?" Neno lile lilikuwa haki yangu. Lakini hii ni wiki ya tatu sasa. Namkalisha wima kwenye ile kona, mto huku, mto huku, kidevu kinashuka kidogo, kijiko kidogo, nangoja koo lipande lishuke. Nangoja mimi, mtu ambaye hajawahi kungoja foleni ya kitu chochote! Jana alimaliza bakuli. Hakukohoa. Halafu akanipigia ile kelele yake ya furaha. Anameza vizuri kwangu kuliko kwako, na umeona, ndiyo maana ulikuwa umesimama mlangoni umekunja uso.

Mama yako alikuwa mateka wa nyumba hii kuliko wewe. Mama yake mzazi alikufa kule Mbebe, na hakwenda kumzika, kwa sababu hakuwa na wa kumwachia Lameki. Nilikuwepo, Oliva. Nilikuwa nimekaa hapa hapa uani, nina mikono miwili, na hakuna aliyenihesabu, wala mimi sikujihesabu. Yeye hakutoka kabisa na kiuno chake ndicho kilichotoka. Mimi nilitoka kwa kukimbia, sikuaga mtu, nikarudi na uongo, na tangu siku ile sijawahi kurudi kweli. Hizo ndizo njia mbili tulizozijua. Wewe nakutafutia ya tatu, nayo ni rahisi: unabeba begi mchana kweupe, unaaga, watu wanaona, mama Jese anaona, na Jumamosi ya pili unarudi. Ukifika Tunduma lala. Ukilala vizuri usijilaumu asubuhi.

Leo baada ya kanisa nilimkuta mama yako anachambua maharage. Nikamwita, "Mama Lameki."

Mkono ukasimama kwenye ungo. "Umeniitaje?"

"Mama Lameki."

Kuku wakaanza kula maharage na hakuwafukuza. Halafu akasema, "Naam, baba Lameki." Akaendelea kuchambua. Baadaye kidogo akaniuliza bila kuniangalia, "Hiyo barua unayotaka kuiandika, utaandika na ya mbolea?"

"Nitaandika."

"Na kiuno?"

"Na kiuno."

"Basi andika. Na ukimaliza unirudishie kitenge changu, nakiona kwenye kamba ya chumbani kwako kila siku, sijui unakifanyia nini."

Nitakuambia ninachokifanyia. Nimechunguza, Yona akifungwa mgongoni hulainika. Kilio kinakatika, miguu inajikunja vizuri, kichwa kinalala. Mikononi haiwi hivyo. Mama yako hawezi, wewe utakuwa kazini. Sasa hapa kwetu mwanaume hambebi mtoto mgongoni kwa kitenge, unajua mwenyewe. Begani sawa, mkononi sawa. Kwa kitenge, hapana. Sijawahi kumwona mmoja tangu nizaliwe. Nimejaribu chumbani, mlango umefungwa. Mara mbili fundo lilifunguka, lakini tulikuwa juu ya kitanda. Mara ya tatu, leo hii kabla sijakaa kuandika, mama yako akaingia ghafla, akanikuta nimeinama, kitenge cha bluu begani, Yona mgongoni amenyamaza kimya, akacheka mpaka akakaa chini. Mwanamke yule sijamsikia akicheka hivyo tangu ujana wetu. Halafu akainuka kwa shida akanifunga mwenyewe, chini ya makwapa, akakaza, akasema, "Hivi, mjinga wewe."

Kesho ni siku ya mnada. Barabarani watakuwepo watu wote, na mzee Daudi atakuwepo, na mama Jese na vikapu vyake. Saa kumi na mbili na nusu nitatoka kwa mlango wa mbele na Yona mgongoni, nimefungwa kitenge cha bluu, na kofia yangu. Nitapita katikati ya mtaa. Anayetaka kucheka acheke, nitamsubiri amalize, halafu nitamsimulia habari ya mbolea jinsi ilivyokuwa.

Nguo zako mama yako anazirudisha kwenye begi sasa hivi unaposoma. Likija gari, panda, ukae upande wa dirisha, utugeukie. Nitamgeuza Yona akuone. Na usipopanda sitakugombeza. Nitasimama pale pale na kitenge changu mpaka gari la jioni. Usipopanda hilo, nitakuja tena keshokutwa, na siku inayofuata, watu wakiwa wanaangalia. Unanijua nikisimama mahali.

Ni mimi baba yenu,
Baba Lameki na Oliva